Sabuni Isiyonukia

Nani anafua shati la mtu anayelisha simba? Usijitetee kwamba halikuhusu. Umekwenda bustani ya wanyama, umesoma kibao cha kila mnyama, hata cha kobe aliyelala, na umerudi nyumbani bila kujiuliza. Basi nyuma ya banda la nyani, kwenye chumba cha mabati chenye mashine mbili na kamba saba za kuanikia, yuko dobi. Wenzake wanamwita Povu. Yeye hana kibao.

Kwa miaka kumi na tisa Povu alifua kwa sheria mbili alizojitungia mwenyewe. Kwanza, nguo za wahudumu wa simba na chui haziingii mashine moja na za mhudumu wa swala. Pili, sabuni ni ile ngumu ya kipande, isiyonukia chochote. Swala humjua mtu wake kwa pua kabla ya macho, alisema. Ukimtia manukato umemgeuza mgeni. Sheria hizo alizilinda kama mboni ya jicho, na akianza kuzieleza, chai ya msikilizaji ilipoa mkononi.

Lakini Povu huyohuyo, siku ya mapumziko, alijimwagia manukato mpaka mkewe akafungua madirisha.

"Swala unawahurumia," mke alimwambia. "Mimi je, sina pua?"

Akaja meneja mpya, na suti yake ya bluu na kijitabu chake. Wiki ya pili aliandika humo kwamba wahudumu wananuka. Mtu anayezoa samadi ya tembo tangu alfajiri alitaka anuke nini, hakuandika. Aliamua sare zote zipelekwe kwa kampuni ya kufua nguo mjini. Zingerudi Jumatano, na Alhamisi asubuhi angewazungusha wajumbe wa bodi mabandani. Wakiridhika, chumba cha Povu kingefungwa, naye angehamishiwa langoni kukata tiketi.

"Ni kupanda cheo," meneja alimwambia. "Utapewa kiti."

"Kiti ninacho, bosi. Ninachokosa ni muda wa kukikalia."

Meneja akaandika kitu kwenye kijitabu.

Jumatano jioni sare zikarudi ndani ya nailoni, zinanukia mawaridi. Mhudumu wa simba, jitu la miraba minne, alilivaa shati lake akazunguka mbele ya wenzake. "Haya, nani ananioa?" Watu wakavunjika mbavu. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mhudumu wa swala, dada mwembamba mwenye sauti ya chini. Alikuwa ametoka bandani kwake na shati lile la mawaridi. Alikwenda moja kwa moja kwa Povu.

"Kaka Povu, wamenikimbia. Wote kumi na mmoja. Yule mwenye mimba amejigonga kwenye uzio."

"Ameumia?"

"Bado. Lakini kesho nikiingia hivi, na wageni wamejaa nje, ataumia tu. Siku zake zimekaribia. Na bila sare haturuhusiwi kuingia, na mashati yangu yote yalikwenda mjini."

Si yote. Lilibaki moja, nyuma ya mlango, kwenye msumari. Povu alilifua kwa sabuni yake wiki iliyopita, akalibakiza kwa sababu lilidondosha kifungo. Dada mwenyewe alikuwa amelisahau.

Povu aliutazama mlango. Akinyamaza, kesho swala watatawanyika mbele ya bodi nzima na chumba chake kitapona. Akilitoa, swala watatulia kama wanafunzi wa darasa la kwanza, meneja atayasifia mawaridi yake, na yeye ataishia kukata tiketi. Hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kunyamaza tu.

"Mbona kimya, kaka?"

"Natafuta sindano," Povu akasema.

Nyumbani mkewe alisikiliza kisa chote huku akipiga pasi, na pasi haikusimama hata mara moja.

"Kwa hiyo umejipalia makaa mwenyewe. Tena ukashona na kifungo."

"Kwa uzi mara nne."

"Si ungeshona mara mbili basi, baba, tuone kama kitadondoka mbele ya bodi." Alicheka peke yake, kisha akammiminia chai nyingine kabla hajaomba, jambo ambalo nyumba ile haikulizoea. "Haya. Ukiwa langoni utaniingiza bure?"

"Wanaonicheka watalipa mara mbili."

Asubuhi Povu alisimama kando ya uzio wa swala na ndoo tupu, kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau. Dada aliingia na shati la kifungo kipya. Swala wakamsogelea. Yule mwenye mimba aliweka pua kwenye mkono wa shati, akamfuata taratibu hadi chumba cha ndani; dada akamfungia mlango humo, akatoka nje ya uzio.

"Mnaona?" meneja akawaambia wajumbe wa bodi. "Hizo ndizo sare zilizofuliwa mjini." Povu akainua ndoo yake aende zake.

Ila meneja alitaka picha. Alichukua majani, akaingia na suti yake ya bluu, ambayo nayo ilikuwa imepitia mjini. Swala kumi waliinua vichwa kwa pamoja, wakahamia upande wa pili. Meneja akaenda kushoto, wao kulia. Akaenda kulia, wakamwonyesha mikia.

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akamgeukia dada. "Mbona wewe hawakukimbii?"

"Shati hili alilifua dobi wetu, mama. Hayo ya mjini yananukia, hawanijui nikiyavaa."

"Na huyo dobi yuko wapi?"

Dada akanyoosha kidole. Bodi nzima ikageuka kumtazama mtu mwenye ndoo tupu.

Kabla ya saa nne Povu alifungua mlango wa chumba chake akakuta foleni, ambayo hakuwahi kuiona kwa miaka kumi na tisa. Mhudumu wa simba, wa tembo, wa kasuku, kila mmoja na shati la mawaridi begani. Mwisho kabisa alisimama meneja, ameshika koti lake la bluu kama aliyepakatishwa mtoto wa watu.

"Hili litakuwa tayari saa ngapi?" akauliza kwa sauti ya chini zamu yake ilipofika.

Povu akalinusa, akakunja uso. "Nilifue na ya simba au na ya swala?"

"Ya swala."

Povu akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.