Kidevu Juu

Benigna Rugaibula simpendi, na sioni sababu ya kuficha. Nina miaka kumi na tisa nikipiga picha hapa Bilele, mjini Bukoba. Studio yangu ina pazia jekundu, pazia la bluu na kioo cha kuchania nywele. Yeye alikuja juzijuzi tu kutoka kijijini Ngenge, akapanga chumba cha jirani, na leo ukiuliza mjini "mtu wa picha" wanakuelekeza kwake.

Ukimuuliza kazi yake ni nini, hana jibu moja. Anachora kwa mkaa, anapiga picha, anarekodi watu kwa simu, kisha picha anazitoboa kwa sindano na kuzishonea uzi. Nilimwambia, "Dada, chagua kazi moja."

"Kaka Philbert, hadithi ndiyo inachagua," akasema. "Hii inataka penseli, ile inataka sauti."

Wateja wangu waliokuwa kwenye benchi wakatabasamu. Mimi nikauma meno.

Baba yake, mkulima wa kahawa, alimsomesha chuo cha ualimu. Binti akaacha mwaka wa pili, akarudi Ngenge kuchora majirani juu ya magunia. Watu walimwonea huruma. Wangeendelea kumwonea huruma, mimi na yeye tungekuwa marafiki wazuri sana.

Siku moja aliniomba picha zilizoharibika. Kila studio inazo: mtu kafumba macho, mtu kapiga chafya, mama kageuka kumfuta mtoto kamasi. Nilikuwa na boksi zima chini ya meza.

"Chukua takataka hizo, ukawashie moto wa kupikia ebitoke, ndizi zako," nikamwambia, nikacheka hadi machozi.

Hakuziwashia moto. Alizunguka nazo magulioni, Bukoba hadi Muleba, akiwaonyesha watu na kuuliza, "Mnamjua huyu?" Alimtafuta kila mmoja hadi kwake, akamwomba ruhusa, akakaa naye siku nzima. Miezi minane baadaye akafanya maonyesho katika ukumbi mmoja Rwamishenye. Nilikwenda nikimwomba Mungu mvua inyeshe watu wasije.

Walijaa hadi mlangoni. Takataka zangu zilikuwa ukutani, zimekuzwa, kila moja kubwa kama mlango. Yule wa chafya alikuwa amechorewa kibanja chake chote kumzunguka, migomba na mibuni. Mama wa kamasi alishonewa uzi mwekundu kutoka mkononi mwake hadi kwenye pua ya mtoto. Chini ya kila picha palikuwa na spika ndogo, ukiinama unamsikia mwenyewe akizungumza. Nilitaka iwe mbaya. Ilikuwa nzuri, na wivu ukanipanda.

Nikaenda mbele. "Ndugu zangu, hizi picha nimepiga mimi! Zote! Huyu amezichukua studioni kwangu!"

Benigna hakubisha.

"Ni kweli, waitu, ndugu zangu. Nimewaambia tangu mwanzo kwamba zimetoka kwa kaka Philbert. Sasa kaka, tusaidie. Huyu bibi ni nani?"

Alinyoosha mkono kwenye picha kubwa kuliko zote, ya bibi aliyefumba macho. Sura niliijua. Nilimpiga picha ya kitambulisho, nikarudia mara tatu. Jina sikuwa nalo. Nikatazama picha ya pili, ya tatu, ya nne. Sikumjua hata mmoja.

Bibi akainuka mstari wa mbele, akiwa na kitenge kilekile cha pichani.

"Mimi ni Kokubanza," akasema. "Na wewe nakukumbuka, mwanangu. Wewe ni Kidevu Juu. Hilo ndilo ulilokuwa ukiniambia kila mara."

Watu wakaangua kicheko. Yeye akasubiri wamalize.

"Nilikuwa nimemzika mume wangu wiki ile. Nikifumbua macho, machozi yanatoka. Wewe ukanifokea kwamba nafumba."

Nilitoka bila kuaga.

Sasa mjini wananiita Kidevu Juu, na nimeanza kuwauliza wateja majina. Sijafanya hivyo kwa wema. Nilitaka tu Benigna asiwe peke yake anayewajua. Jumatatu alikuja mama mmoja. Kabla sijashika kamera nikamuuliza anaitwa nani, ametoka wapi, na picha ni ya nini.

"Alistidia, wa Rwamishenye," akajibu. Kisha akanitazama kupitia kioo, uso wote ukichanua. "Eh! Kumbe na wewe siku hizi unafanya kama Benigna!"