Singe ya Baba Yenye Nambari Mbili

Baba alipofariki alituachia ng'ombe wanne na singe, kile kisu kirefu kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki. Alikuwa akisema aliitoa kwenye vita ya Mjerumani, alikokwenda kuwabebea Waingereza mizigo. Singe aliiokota kando ya mto, na ala yake ya ngozi akaipata siku mbili baadaye, mahali pengine kabisa.

Baba mdogo alimkanusha marehemu mbele ya ukoo mzima, siku ya kuanua matanga. "Kaka hakwenda vita yoyote. Alijificha Iramba. Hicho kisu kimefuliwa na wahunzi wa Ulemo, huko huko. Nani anaokota kisu leo na ala yake keshokutwa?"

Watu walicheka.

Tulipomaliza kuvuna uwele, mama aliifunga singe na ala yake ndani ya kanga, akaniambia tunakwenda mjini Singida. Nilikuwa nimeshaolewa, lakini alinitaka mimi kwa sababu nilijifunza kusoma misheni. Tulitembea kutoka Ilongero hadi kwa mzee mmoja, askari mstaafu wa Mwingereza aliyekuwa akilinda duka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmeniletea nini?"

Mama alimpa tu, hakueleza lolote. Mzee aliipima uzito mkononi, akabonyeza kitufe cha mpini, kikarudi chenyewe. "Mhunzi wa kijijini hawezi kutengeneza hiki." Akatia mafuta ya taa kwenye kitambaa, akasugua mgongo wa singe hadi kutu ikatoka. Chini yake kulikuwa na taji dogo, herufi, na tarakimu mbili.

"Ya Mjerumani," alisema. "Taji ni la mfalme wao. Tarakimu ni mwaka ilipopokelewa jeshini, kabla ya vita. Haya, wewe msomi, tafuta nambari ya kikosi."

Nilisoma nambari iliyogongwa karibu na mpini. Kisha nikasoma ile ya kwenye chuma cha mdomo wa ala. Nikarudia.

"Babu, hazifanani."

Alicheka. "Singe na ala yake hugongwa nambari moja. Basi hivi ni vitu vya askari wawili tofauti. Aliyevipata alivipata mahali tofauti."

Mama aliketi chini, pale pale barazani. Nilidhani analia, kumbe anacheka bila sauti.

Mwenye duka alitoka, akasikia habari, akasema atatoa mtamba kwa singe ile. Mtamba hakuwa mchezo kwa mjane. Mama alisimama, akakung'uta vumbi. "Kama yenyewe ni ya kweli, haiuzwi."

Jioni ya kesho yake alimwita baba mdogo. "Shemeji, kaa. Binti yako atakusomea."

Nilisoma nambari zote mbili, taratibu, kidole kikiwa juu ya chuma, nikamweleza maneno ya yule mzee. Baba mdogo alitaka nirudie mara tatu. Kisha akavua kofia yake, akaomba aishike singe.