Aliyekuwa Pembezoni mwa Picha

Sikuhadithiwa na mtu haya, wala sikuyaota. Ilikuwa mchana, jua la Mwanza likichoma mgongo, na sikuwa nimeonja hata soda. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize, maana hata mke wangu sijamwambia.

Kazi yangu ni kupiga picha chini ya maji: furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mawe, mashua zilizozama. Wenzangu hunitania kwamba ziwa lenyewe kijani kama mlenda, nitaona nini? Ndiyo maana nilijikamua nikanunua kamera ya fremu kamili, ambayo sehemu yake ya ndani ya kupokea picha ni kubwa. Likabaki suala la lensi. Niendelee na lensi yangu pana ya zamani, ya kuchukua eneo kubwa, au niiuze nichukue ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu? Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ndogo ndani, kwa hiyo ilikata pembezoni mwa kila picha. Nikasema ngoja nizame na lensi ileile kwenye kamera mpya, nione inanipa nini.

Nilikwenda kwenye mawe ya Kirumba ninapozama siku zote. Juu ya jiwe moja alikaa Mama Kabula, muuza dagaa wa soko la Mwaloni. Binti yake alizama pale, mwili haukuonekana, ndugu wakazika mgomba badala yake kule kwao Sengerema. Yeye hakuukubali mgomba ule. Kila akimaliza kuuza, anakuja kukaa hapo. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama chombo changu kipya kinaona kuliko kile cha zamani. Nikajigamba kwamba kinaona kila kitu.

"Basi niangalizie mwanangu," akasema.

Nikashuka na mtungi wangu wa hewa. Kwenye kamera, mawe niliyoyazoea yalikuwa yamepanuka, na kushoto kabisa, pale ambapo kamera ya zamani ilikata, amekaa msichana. Nikaondoa jicho: jiwe tupu. Nikarudisha: yupo. Hatoi kiputo hata kimoja. Uso ni wa Mama Kabula mtupu, ila wa ujana. Wala hakuwa ananitazama mimi, na niamini, hilo ndilo lililonitia baridi. Alitazama juu, kule mama yake alikokaa. Ni mara ngapi nimepiga picha pale nikamwacha nje?

Nilibonyeza. Picha ikatoka naye. Kisha nikaifuta, kabla sijatoka majini.

Unaniuliza kwa nini? Huku kwetu unakujua. Ukisema umemwona marehemu chini ya ziwa, swali la kwanza ni wewe ulijuaje alipo. Watu wameitwa wachawi, wakachomewa nyumba, kwa dogo kuliko hilo. Nikamfikiria mke wangu, nikaibuka.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Mawe tu, mama."

Hakulia. Alisimama, akakung'uta kitenge chake, akakifunga vizuri. "Kumbe muda wote huu nimekaa na mawe," akasema, akaondoka polepole. Hajarudi pale tena.

Mimi nilirudi kule chini mara moja tu, nikitumaini hayupo ili nipumzike. Alikuwepo. Bado ameinua uso, anatazama jiwe lisilo na mtu. Wiki hiyohiyo nikaiuza lensi pana, nikachukua makro.

Sasa picha zangu zinasifiwa: jicho la furu, gamba mojamoja. Wanaosifu hawajui kwamba ile ni lensi ya kukimbilia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, lakini kwangu hakijafika. Naona aibu, aibu ya kuzunguka mtaa wa pili nisipite kwenye meza ya Mama Kabula. Juzi tulikutana uso kwa uso. Akanifungia dagaa, akakataa malipo. Akasema siku hizi anavuka kwenda Sengerema kupalilia kaburi la mgomba, na moyo wake umetulia kwa sababu nilimwambia ukweli. Nikapokea dagaa kwa mikono miwili, nikasema asante mama.

Wewe unayezama humu ziwani, nunua lensi unayoitaka. Ila ukimwona mtoto wa watu, toka useme, wakuite watakavyokuita. Mimi nilinyamaza, na yule binti yuko kule chini hadi leo, anamtazamia mama aliyekwisha kumzika.