Mafuta ya Nazi Ndani ya Bunduki ya Upepo

Ningeweza kuliacha hili lisiandikwe, kwa sababu mimi si mtu wa kalamu (skuli niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita sijui kama nililimaliza au lilinimaliza), lakini kila nikipita sokoni hapa Ibra, Oman, wako wazee ambao bado wananiita Bu Narjil, yaani Baba Nazi, na wajukuu wangu wameanza kuuliza kwa nini, na kila anayewajibu anatia chumvi yake, juzi nimesikia kwamba niliunguza msikiti. Sikuunguza msikiti. Nilijiaibisha mbele ya wanaume wa mtaa mzima asubuhi ya Idi, hilo ni kweli nalikubali, na nitalieleza lilivyokuwa bila ya kumsingizia mtu.

Ilikuwa miaka ya sabini, Idi Kubwa ilipoangukia wakati wa baridi. Tulikuwa tumerudi kutoka Unguja si zamani, mimi na mama yangu na jina la baba, maana baba mwenyewe alifia kule (nasema tumerudi, ingawa mimi Oman nilikuwa sijawahi kuiona). Mtaani kwetu kulikuwa na ada. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, wanaume hukusanyika ukingoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, hutandikwa mikeka, hunywewa kahawa kwa haluwa, halafu nyumba moja moja hutajwa kwa jina la mzee wake, na mtu wa nyumba hiyo husimama na bunduki yake kupiga shabaha, wenye bunduki za kweli wakalipiga jiwe jeupe kule mlimani, wenye za upepo wakapigia makopo ng'ambo ya wadi, na wanawake wakisikiliza kutoka madarini, juu ya mapaa ya nyumba. Nyumba yetu ilikuwa haitajwi. Si kwa ubaya, nisiwaonee watu. Bunduki hatukuwa nayo, na ya kuazima ilikuwa haikubaliwi, kwa sababu ya kuazima inasimama kwa nyumba ya mwenyewe. Lakini mama alikuwa akipanda darini kila Idi, akizisikiliza nyumba zote mpaka ya mwisho, kisha akishuka kimya kuosha vyombo, na siku hiyo vyombo vilikuwa na kelele kuliko siku nyengine.

Basi nikenda kwa Mzee Hamed, ambaye ndiye aliyekuwa akizitaja nyumba. Huyu alikuwa na duka Tabora kabla ya kurudi, na Kiswahili chake ni kile cha bara. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nije na bunduki yangu mwenyewe nami nitatajwa, nitapewa mikupuo mitatu kama kila mtu, na nikiangusha kopo moja tu nyumba yetu itaingia katika safu na itatajwa kila Idi. Nikikosa yote, tutangoja. Sioni dhulma katika maneno hayo mpaka leo.

Bunduki mpya sikuiweza. Nilipata ya upepo, kuukuu, kwa dereva mmoja aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka Ashkhara, na ilikuwa imekufa: ukiikunja mtutu ukaifyatua, ilikohoa tu kama mtu aliyepaliwa, na ilinuka papa. Nikaamua kuitengeneza nyumbani kwa vitu vya nyumbani. Springi yake ilikuwa imelegea, nikatafuta ya pikipiki bovu lililotupwa nyuma ya gereji, nikaikata kwa msumeno. Ile ngozi ya mbele ya pistoni, inayoubana upepo usitoke pembeni, ilikuwa imeliwa, nikamwomba mama makubadhi ya marehemu baba. Alifikiri kidogo, akayatoa sandukuni, akasema, "Kata la kushoto. Naye asimame na wewe." Kizibo cha nyuma, kile kinachoizuia springi isimtokee mpigaji, pini yake ilikuwa imepotea, nikatia msumari, nikaupinda ncha zote mbili. (Msumari huo ukumbukeni.)

Yakabaki mafuta. Hapa nimpe Khalfan haki yake. Khalfan alikuwa mpwa wake Mzee Hamed, rika langu, mdomo wake hauna pazia, lakini aliniambia ukweli: tia tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Na akasema ya kwao yapo, nije nichukue. Mimi nikadhani ananicheza shere. Isitoshe, mama alikuwa na kopo lake la mafuta ya nazi yaliyotoka Unguja, ambayo kwetu yalipakwa kwenye nywele, bawaba, kufuli na magoti ya bibi, na hakuna kilicholalamika. Nikaona kama tone moja linasaidia, kikombe kitasaidia zaidi. Ndio uamuzi wenyewe huo, mdogo hivyo. Mengine yote yalifuata.

Nikaenda kuijaribu darini mchana, jua limepamba moto, na wallahi ilipiga. Ilitoboa kopo la samli huku na huku. Ilitoa moshi kidogo na harufu ya kitu kinachokaangwa, mama akauliza kutoka chini nani yuko jikoni, nami nikaichukulia harufu ile kuwa ni dalili ya nguvu. Siku iliyofuata ndiyo Idi, nikaona niiongeze mafuta ili isinitie aibu.

Asubuhi ile ilikuwa baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilivaa joho la baba na kilemba nilichofungwa na jirani (kufunga nilikuwa bado sijui), nikakaa mkekani na bunduki yangu mapajani, pembeni mwa wageni waliotoka mji wa Adam na mbuzi wa kuuza, ambao mbuzi wao waliobaki walikuwa wamefungwa ng'ambo kule, si mbali na makopo. Nyumba zikatajwa. Kisha Mzee Hamed akainua sauti, "Nyumba ya Said bin Khamis." Nikatazama juu. Mama alikuwa amesimama wima darini, kanga ameikamata kwa mikono miwili.

Nikalenga. Nikafyatua. Ikatoka sauti kama ya mtu anayepuliza uji, na risau, ile risasi yake ndogo, likachungulia mdomoni mwa bunduki, likadondoka juu ya kiatu changu. Watu hawakucheka mara moja, nadhani walidhani bado. Nikaikunja tena, na safari hii hata hilo risau halikutoka. Hapo ndipo walipocheka, na Khalfan akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nisiharakishwe, bunduki yenyewe bado haijanywa kahawa.

Mzee Hamed akaichukua mkononi, akaifungua mtutu, akatia kidole, kikatoka cheupe. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda ndani mithili ya shahamu. Unguja mimi sijapata kuyaona yakiganda, nani angeniambia? Akakitazama kidole chake, akakinusa, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "hii umeichinja kabla ya sala?"

Walicheka mpaka wageni wa Adam wakataka wafasiriwe, wakafasiriwa, wakacheka na wao. Nami nilicheka, kwa sababu ilichekesha, lakini nilikuwa nimebakiwa na mkupuo mmoja na mama bado amesimama. Nikaomba ruhusa nikaipashe moto. Nikaiweka karibu na makaa ya madele ya kahawa, nikiigeuzageuza kama muhogo, mpaka yale mafuta yakayeyuka yote, kikombe kizima na nyongeza yake, yakajaa mbele ya pistoni. Khalfan akanisogelea, akaninong'oneza niyamwage kwanza. Alininong'oneza, sitamnyima hilo. Nikamjibu kwamba najua ninachofanya.

Nikasimama, nikalenga, nikafumba macho yote mawili (hili nalisema kwa mara ya kwanza), nikafyatua.

Sikusikia mlio, niliuhisi tumboni. Yale mafuta yaliwaka ndani kwa ndani, msumari wangu ukanyooka, kizibo kikaruka, na springi ya pikipiki ikanitoka nyuma, ikapita juu ya bega, ikang'oa kilemba changu na kwenda nacho. Nilipofumbua macho nilikuwa kichwa wazi katikati ya wingu jeupe, na wadi nzima inanukia vitumbua. Watu wote walikuwa wametazama nyuma yangu. Nikageuka. Springi ilikuwa imesimama katikati ya sinia la haluwa, mbele ya mgeni mkubwa wa Adam, imevaa kilemba changu, na inatikisika.

Mgeni yule alikuwa na tonge la haluwa mkononi, njia ya kinywani. Akaitazama ile springi kwa makini, akairejesha haluwa siniani, akasema, "Wa alaykumu ssalaam."

Katika kicheko hicho mtu akapiga kelele kwamba kopo limeanguka. Kweli, ng'ambo kulikuwa na kopo chini, na la pili chini. Moyo wangu ukaruka kuliko kizibo. Mzee Hamed akaniuliza kama nimelipiga. Na mimi ningependa kuandika kwamba nilimjibu haraka, lakini sikumjibu haraka. Nilitazama darini kwanza. Kisha nikamwambia sikuona, nilikuwa nimefumba macho, na nadhani ni mbuzi. Yakaletwa makopo, hayana tundu. Mbuzi mmoja alikuwa amekata kamba kwa ule mshindo akayakanyaga, na akapatikana baadaye sana shambani kwa mtu. Mzee Hamed akasema, "Basi haihesabiwi," akaniwekea mkono begani, akataja nyumba iliyofuata.

Nilikuwa nikichota haluwa ndani ya kilemba changu nilipomwona mama anateremka. Nikajua anakuja kunichukua. Alikuja na sinia limefunikwa kawa, vitumbua vya Idi alivyovipika alfajiri, akampa Khalfan kabla ya kuifikia mikeka (mwenyewe hakuingia), akasema haluwa ya watu imeharibiwa na mtoto wake, hii badala yake. Vikaliwa vyote. Mgeni wa Adam alikula vinne, akaulizia kwa sauti vimetoka nyumba gani, na Mzee Hamed akasimama, kama alivyokuwa akisimama kwa kila nyumba, akajibu nao walioko madarini wakasikia: "Nyumba ya Said bin Khamis."

Jioni nilimwomba mama radhi kwa kubadhi la baba. Akasema, "Nimelisikia jina mara mbili. Hao wengine wametajwa mara moja." Akaendelea kuosha vyombo, taratibu.

Idi iliyofuata nyumba yetu ilitajwa katika safu, baina ya nyumba ya kina Khalfan na ya muuza tende, na imetajwa kila Idi tangu hapo. Bunduki sijaigusa tena, na mafuta ya nazi hayatoki jikoni mwangu kwa sababu yoyote. Likitajwa jina la baba nasimama, kilemba nimekifunga mwenyewe, sinia mikononi, na makopo nawaachia wenye bunduki na mbuzi.