Mkia Haupiti Mtu

Dada yangu alipenda baiskeli tangu utotoni, na baiskeli zikaja kumlipa kwa kuila sebule yake. Ukiingia nyumbani kwake usitafute kochi. Kochi liliuzwa mwaka ule yeye na mumewe walipofungua biashara, na mahali pake pakawekwa vyuma vya kutundikia baiskeli, kila moja na namba yake kwenye madigadi. Mgeni hukaribishwa kigodani katikati ya harufu ya mipira na mafuta ya cheni, akapewa chai, na akiinuka anakuta suruali yake ina mstari mweusi. Mimi ndiye ninayewafungia wateja wao chakula cha njiani, mkate, mayai na ndizi, kwa hiyo nimeinuka na mstari huo miaka mingi na nina haki ya kusema.

Kazi yao ilikuwa kutembeza watu kwenye Njia. Zamani ilikuwa reli. Vyuma vilipong'olewa, tuta likabaki limejilaza bila kazi, hadi wakubwa walipolimwagia kokoto laini na kulifanya njia ya baiskeli na waendao kwa miguu. Gari halipiti, pikipiki haipiti. Inaanzia nyuma ya stesheni ya zamani, inakata mashamba ya mahindi na alizeti, inavuka mto kwa daraja la mbao, kisha inaingia kwenye hifadhi, chini ya misonobari, na kuishia bwawani penye nyumba ndogo ya kulala wageni. Watu wa mjini walikuwa wanalipa waje kusikia sauti ya matairi yao wenyewe. Nilikuwa nawacheka, lakini nami nimewahi kwenda, nikarudi nimenyamaza kutwa nzima, jambo ambalo kwetu ni habari.

Shemeji aliongoza msafara. Wageni walimwita Bwana Mbele, na jina lilimkaa, maana hata msikitini angetaka kuingia wa kwanza. Dada alikuwa wa mwisho. Kazi ya wa mwisho ni kumngoja mwenye pumzi fupi, kuziba pancha, kuokota koti lililodondoka, na kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Sheria yake ni moja: wa mwisho hampiti mtu. Akimpita hata mmoja, huyo hana tena wa kumwona. Wakamwita Mkia.

Mama yetu aliposikia jina hilo alikaa chini kwanza. "Darasani hukuwahi kushika mkia hata siku moja," alisema. "Leo unaushika na unajisifu?"

"Mama," Dada akamjibu, "ng'ombe asiye na mkia utamjua kwa nzi."

Kati ya mume na mke walikaa watu kumi, kumi na wawili, wote wageni, kwa hiyo wawili hao walizungumza kwa filimbi. Mlio mmoja maana yake ni salama. Miwili, kaza mwendo, huku nyuma tunabanana. Mlio mrefu, simama. Bwana Mbele alipuliza moja kutoka huko alikofichwa na kona, na Dada akamjibu moja. Nadhani mchana hawakuwahi kuzungumza zaidi ya hivyo, na jioni kila mtu alikuwa na baiskeli zake za kufuta matope.

Walikuwa na ahadi moja. Tangu uchumba walisema siku moja wataiendesha Njia wao wawili tu, bila wageni, bega kwa bega, kwa sababu ina upana wa kutosha, walale bwawani na kurudi wakijisikia. Kila msimu ulipoisha nilimuuliza Dada, lini? Akasema mwakani. Hiyo mwakani ilizeeka kabla yao.

Mambo yalianza kwenda kombo bila mtu kujua yanakwenda. Shemeji alianza kujigonga. Alijigonga kwenye fremu ya mlango, kwenye pedeli zilizotundikwa, kwenye beseni la kupimia pancha. Tulimcheka. Nilimwambia, "Shemeji, chumba hiki hata paka anaomba njia," naye akacheka nasi huku akijisugua kiwiko. Msimu ule wa mwisho pia alipunguza mwendo. Wakifika pale kwenye daraja la mbao, msafara wote unajibana kama kondoo mlangoni, wageni wananung'unika, na Dada huko nyuma anapandwa na hasira. Anapuliza mbili. Kaza mwendo. Na mumewe anakaza.

Kisha wenye hifadhi wakaweka nguzo. Pikipiki zilikuwa zimeanza kupenya kwenye Njia, wakaona dawa ni kuchimbia nguzo tatu za zege langoni, baiskeli ipite katikati, pikipiki ibaki nje. Jambo jema, na wageni wote walilisifu. Siku ya kwanza ya nguzo hizo Bwana Mbele alifika langoni akizungumza, akageukia Njia yake aliyoijua kama kiganja chake, na ncha ya usukani wa kushoto ikaivaa nguzo. Akaruka. Mtulinga ukavunjika.

Hapa ndipo ninapotaka kumpiga mtu kofi. Akiwa chini, mfupa umevunjika, wageni wamemzunguka, aliitoa filimbi kwa mkono mzima akapuliza moja. Salama.

Dada alikuwa nyuma kabisa na mama mmoja mnene wa watu aliyekuwa akisukuma baiskeli kilimani. Alisikia moja, akajibu moja. Wakaendelea kutembea polepole, wakisimuliana habari za waume zao na kucheka. Alipotokeza langoni, aliona wageni wameduara, akadhani wanapiga picha.

Hospitali walimfunga bega, lakini daktari wa zamu, binti mdogo, hakuridhika. Alimuuliza, "Mzee, nguzo hukuiona?" Shemeji akasema jua lilimpiga usoni. Yule binti akasema jua la asubuhi lilikuwa mgongoni, nami nikampenda papo hapo. Akampeleka kwa mtaalamu wa macho.

Dada aliketi kwenye benchi kando ya ukuta. Mtaalamu alikaa uso kwa uso na Shemeji, akamwambia aitazame pua yake tu, asiondoe macho. Kisha akainyoosha mikono yake pembeni na kuchezesha vidole, akiisogeza kidogo kidogo kuelekea katikati. "Ukiviona vidole vyangu, sema."

Dada aliviona. Vilikuwa vinacheza karibu na sikio la mumewe, vikafika sawa na shavu, vikacheza hapo. Shemeji kimya. Dada anasema mdomo wake mwenyewe ulifunguka umsaidie, kama mtoto anayemnong'oneza mwenzake jibu la mtihani, kisha akaufunga. Vidole vilikaribia kugusa pua ndipo Shemeji akasema, "Naam, hivyo."

Presha ya macho, wakaambiwa, si ile ya damu. Haiumi wala haipigi hodi. Inakula kwanza pembeni, mtu anabaki anaona mbele tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Dawa ya matone italinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. "Mngekuja mapema," mtaalamu alisema, akaacha hapo, na afadhali aliacha.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Shemeji aliumbuliwa na nguzo. Alikuwa anajua. Siyo jina la ugonjwa, lakini alijua kwamba dunia inambana kutoka pande zote mbili. Aliweza kuificha hali hiyo kwa sababu ya Njia yenyewe. Barabarani gari la kwanza lingemmaliza. Kwenye Njia hakuna kinachotoka pembeni. Alizijua kona kwa sauti ya kokoto, daraja kwa mbao zake, hifadhi kwa baridi ya misonobari. Na aliyeajiriwa kuwaona wanaoshindwa alikuwa mkewe, ambaye alimwona kila mtu isipokuwa yeye.

Nilikuwepo Dada alipomuuliza. Ilikuwa mchana, sebuleni, kati ya baiskeli. Nilijifanya nahesabu mayai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini, bibie? Mimi mbele, wewe nyuma."

"Jioni je? Jioni hatukuwa nyumba moja?"

"Jioni ulikuwa umechoka. Nami niliogopa. Nikisema, nani ataongoza? Tutakula nini, spoki?" Kisha akasema taratibu, "Lakini nilikuwa napunguza mwendo."

"Unasemaje?"

"Pale darajani. Nilikuwa napunguza makusudi. Nilisema moyoni, akiona hivi atakuja mbele kuniuliza kuna nini. Akija, nitamwambia hapo hapo."



"Ukanipulizia mbili," Shemeji akasema. Hakulisema kwa lawama, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Dada aliinuka, akaenda kwenye baiskeli yake, akashika kitambaa akaanza kuifuta, na ilikuwa safi tayari. Alilia akiifuta. Watu husema majuto ni mjukuu. Wao hata mtoto hawakujaliwa, lakini mjukuu huyo alifika na kuketi.

Mbele sasa anaongoza kijana wa kuajiriwa. Shemeji alibaki na kazi ya kuziba pancha, na mfupa ulipounga na msimu ulipoisha, Dada alimwambia, "Twende. Sisi wawili." Mtaalamu wa macho angewasikia angewatoa roho wote. Mimi niliwafungia mkate na mayai, nikawasukumiza.

Dada amenisimulia mara nyingi, na kila mara anaanzia palepale, baada ya mashamba ya alizeti, Njia ikiwa tupu. Alikaza mwendo, akajileta sambamba na mumewe. Bega kwa bega, kama walivyoahidiana walipokuwa wabichi. Akasubiri aseme kitu.

"Uko wapi?" Shemeji akauliza.

"Niko hapa. Kando yako."

"Kando ipi?"

"Kushoto. Hapa, hapa."

Shemeji akageuza kichwa amtafute, baiskeli ikafuata kichwa, nusura iingie majanini. Wakajaribu upande wa kulia, ikawa yaleyale. Waliendelea hivyo kipande, wawili sambamba, na mmoja wao peke yake.

"Bibie," Shemeji akasema mwishowe, "pita mbele, nikuone."

Dada anasema miguu ilimkatalia. Miaka yote hiyo kwenye Njia hakuwahi kumpita mtu. Kisha akapita. Shemeji akasema, "Ahaa, sasa nakuona," na sauti yake ilikuwa ya furaha, na Dada akashukuru kwamba amempa mgongo. Walikwenda hivyo hadi bwawani. Kila kona alipuliza moja, nyuma akajibiwa moja, na kila alipojibiwa alifunga breki akageuka kutazama kwa macho yake.

Waliporudi Dada alifunga kioo cha kutazamia nyuma kwenye usukani wake. Bado huenda, msimu ukiisha, yeye mbele na mumewe nyuma. Waendao kwa miguu wakimwona humtania: mama, kioo cha nini, na huku gari halipiti? Dada huwajibu kwamba alichelewa kukinunua, kisha anapuliza moja, na anatazama.