Vitabu vya Makori Chumbani kwa Nyanya

Siku tuliyoezeka upya nyumba ya nyanya yangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na sasa nimempita umri aliokuwa nao siku ile. Kaa hapa karibu, hakuna unakokimbilia. Nataka nikueleze habari za vitabu vya kaka yangu Makori, upate kujua kwa nini mimi hukasirika mtu akiniomba nimfichie kitu.

Makori alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori la ndizi pale Keroka, miaka ya sabini ikiwa ndiyo imeanza. Hakunywa pombe, hakufuata wasichana. Ugonjwa wake ulikuwa vitabu vya picha, vile ambavyo watu wamechorwa na maneno yao yameandikwa ndani ya viduara juu ya vichwa. Alivipata kwa wenye maduka, ambao walinunua makaratasi ya zamani ili wafungie sukari na njugu. Alikuwa na vya vita, vidogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Alikuwa na vya makauboi. Vya mapenzi havikuchorwa, zilikuwa picha za kupigwa kwa kamera, Waafrika wamevalia suti wakililiana machozi. Vingine vilikuwa vya zamani kabisa, vikubwa kama gazeti, rangi zimechujuka, vilivyotoka nyumba za wakubwa wa mashamba ya chai upande wa Kericho. Na alikuwa na vya mizimu. Kila aina aliifunga peke yake kwa kamba ya mgomba, akatia majani makavu ya tumbaku katikati ili mende wasile.

Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Kwake kitabu kilikuwa Biblia au cha shule, kingine chochote kilikuwa cha kuwashia moto. Basi Makori akatafuta mahali ambapo baba hangefika hata angetaka. Kwetu Kisii mwanamume akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mama yake. Ni aibu isiyosemeka. Lakini mjukuu na nyanya yake hawaoneani haya, wanataniana watakavyo. Makori akaviweka darini katika chumba cha nyanya, mama yake baba, na nyanya akafurahi kweli. Mchana alimsomea, akimgeuzia maneno kwa Kikisii. "Hawa unasema ni wachunga ng'ombe," nyanya alimwambia, "na ng'ombe wenyewe siwaoni. Wamewaachia nani?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mvua ya mwaka ule ilibomoa paa lake. Majirani wakaja kusaidia, wanaume juu wakiezeka, sisi wasichana na akina mama chini tukipika. Jirani yetu Mama Moraa naye alikuja, ingawa surua ilikuwa imemchukua mtoto wake muda mfupi tu nyuma. Mwanamume aliyekuwa juu akateremsha mzigo kutoka darini, kamba ikakatika, vitabu vikamwagika matopeni pamoja na yale majani ya tumbaku. Kilichofunguka mbele ya Mama Moraa kilikuwa cha mizimu. Mifupa mitupu ilikuwa inatoka kaburini, imebeba mtoto.

Hakupiga kelele. Aliketi chini palepale kwenye tope, akasema polepole, "Huyo ni Moraa wangu."

Watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Nyanya akasema ni vitu vya mjukuu wake. Mimi pia nilisema, nikaapa. Mzee mmoja akatuuliza, "Kama ni vya kijana, mbona haviko nyumbani kwa kijana? Na haya majani ni ya nini?" Makori mwenyewe alikuwa Kisumu na lori. Wakamgeukia baba. Baba hakujua kudanganya, hata pale uongo ungemfaa. "Chumba hicho sijakikanyaga tangu nitahiriwe," akasema. "Kilichomo sikijui." Ilikuwa kweli tupu, na mimi nilimchukia kwa kweli hiyo miaka mingi.

Mtu akiitwa mchawi siku zile, mwanangu, hakungojewa korti. Kabla jua halijatua nyumba ilikuwa inawaka, na paa jipya lilikuwa limefika nusu. Baba nami tulimtoa nyanya kupitia migombani, tukampeleka Birongo kwa kaka yake, huko alikozaliwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeungua.

Makori aliporudi alikuta majivu. Alizunguka boma kwa boma na kitabu alichonunua safarini, akiwaonyesha watu kwamba ni michoro tu, kwamba kuna mtu ameketi mahali akachora ili alipwe. Wengine walimfungia mlango. Wengine walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamwambia, "Sasa ndiyo unasema."

Nilikwenda naye Birongo. Nyanya alikuwa amelala, uji hautaki. Makori akapiga magoti, akalia. Nyanya akamwambia, "Makori, baba, vitabu vyako havikuwa na ubaya. Ungeviweka mezani kwako, baba yako angekugombeza, watu wangekucheka, yangeisha. Lakini ulinipa mimi hofu yako nikulindie, nami ni mzee, nguvu hizo sina."

Alikufa mahindi hayajakomaa. Kwetu mke huzikwa kwa mume wake hata afie wapi, kwa hiyo tulimrudisha. Desturi ni majirani kuchimba kaburi, vijana wakipokezana jembe. Siku hiyo hakuja mtu. Walichimba baba na Makori, wawili tu, hawasemezani, nami nikitoa udongo kwa karai. Mama Moraa alisimama upande wa pili wa ua akitutazama mpaka tulipomaliza, kisha akaenda zake. Sikumlaumu. Yeye pia alikuwa amezika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Penda unachokipenda, viwe vitabu, uwe muziki, hata awe mtu. Sikukatazi. Lakini kama unaogopa kukionyesha mchana mbele ya baba yako, usikipeleke chumbani kwa mtu mwingine. Gombezwa wewe. Chekwa wewe. Ukimwomba anayekupenda akufichie, hatakataa, na ubaya uko hapo. Siku watu watakapouliza, ataulizwa yeye, na mwenye jibu utakuwa wewe, uko mbali kama Makori na lori lake.

Mungu akupe moyo wa kusema mapema. Akuepushe na kuja kueleza mambo mbele ya majivu. Na siku yako ikifika, baada ya miaka mingi, waje kukuchimbia watu wengi mpaka wengine wakose jembe.