Niliandika Onya, Akaonja

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa hoteli yetu lilisema hivi: VYAKULA KUMI VYA DUNIA VYA KUONJA KABLA HUJAFA.

Mwenzetu mmoja wa jikoni alionja kimoja tu, na nusura maneno mawili ya mwisho ya lile tangazo yatimie siku hiyo hiyo.

Na mkono ulioandika tepu ya chakula hicho ni huu wangu. Kwa hiyo msiniulize nimeyajuaje.

Jikoni waliniita Kalamu. Si kwamba nimesoma sana, hapana. Nilikuwa upande wa vyakula baridi, na kila chombo kilichoingia kwenye friji kubwa kilipita kwangu nikibandike tepu ya karatasi. Naandika jina la chakula, tarehe, halafu neno moja la kazi.

Hayo maneno ya kazi aliyachagua Shefu mwenyewe, mkuu wetu wa jikoni, na alivyojisifu nayo! Yalikuwa mawili tu. Onja. Onya.

Onja, maana yake kionjwe chumvi na viungo kabla hakijatoka. Onya, maana yake humo kuna kitu kinachowadhuru watu wengine, karanga au ufuta au kamba wa bahari, kwa hiyo mhudumu amwonye mgeni kwanza, na jikoni kisionjwe ovyo.

"Herufi moja tu," Shefu alituambia. "Mtu akae macho."

Mmeshaona balaa lilipojificha. Hati yangu nikiwa na haraka, j na y ni mapacha, mama yao mwenyewe hawezi kuwatofautisha.

Sasa, mwenye kuonja alikuwa Mama Chumvi.

Miaka ishirini na mbili kwenye jiko lile. Cheti ukutani hana, kofia ndefu hana, lakini chakula hakikuvuka ule mlango bila kupita kwenye ulimi wake. Alikuwa na kijiko chake mfukoni mwa aproni, na ole wako ukikigusa. Anachota, anafumba jicho moja, anatoa hukumu.

"Tangawizi imezidi. Na hivi vitunguu ulivikaanga ukiwa na hasira."

Na kweli ulikuwa na hasira!

Mimi alinipokea nikiwa sijui hata kushika kisu. Alinifundisha kumenya, kukata, kunyamaza Shefu akifoka. Nilipofiwa na mama yangu mzazi, ni yeye aliyekuja kukaa nami chumbani siku tatu, akinilisha uji kwa kile kijiko chake. Mkisikia nikisema "mama" kwenye simulizi hii, jueni nasema kwa moyo.

Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kila chombo, kila siku ya Mungu, lazima aje asimame nyuma yangu agonge kifuniko. Ko, ko.

"Mwanangu, hiki tunafanyaje?"

"Mama, si imeandikwa hapo?"

"Miwani nimesahau nyumbani."

Miwani gani hiyo? Miaka sita sijaiona.

"Kalamu ni yako, ulimi ni wangu," ananiambia. "Nisomee, acha maringo."

Basi namsomea. Onja, mama. Hicho usionje, mama. Nilidhani ni utu uzima tu, au anapenda kunichokoza.

Ikafika siku ya vyakula kumi.

Jamani! Asubuhi ile jikoni palinuka usipime. Kulikuwa na duriani, tunda ambalo nje ni miiba na ndani ni utamu, ila harufu yake inakufukuza kabla hujalifikia. Kulikuwa na mayai yaliyofukiwa kwenye majivu na chokaa mpaka yakawa meusi. Kuna papa aliyechachushwa miezi mingi, ananuka kama choo cha stendi. Jibini lenye ukungu wa bluu, konokono ndani ya siagi, wali uliopikwa kwa wino wa ngisi, mayai ya sisimizi, maharage yaliyochacha yanayovutika nyuzi ukiyainua. Na kopo la samaki lililovimba kabisa, ambalo Shefu alikataza lisifunguliwe ndani ya nyumba.

Mama Chumvi alimwinamia yule papa, akanusa.

"Huyu alikufa mara mbili," akasema.

Tulicheka mpaka Shefu akatugongea meza.

Cha kumi kilikuwa biskuti. Ndogo, za duara, zenye harufu ya mdalasini. Ukiziona utaomba chai. Ila unga wake ulikuwa wa nyenje, wale wadudu wanaolia nyumbani jioni, wamekaushwa na kusagwa.

Shefu alinivuta pembeni. "Hizi andika onya. Mtu anayedhurika na kamba wa bahari, hizi pia zinaweza kumdhuru. Mwili wake hautofautishi."

Na mtu wa namna hiyo jikoni kwetu tulimjua sote. Mama Chumvi aliwahi kuonja mchuzi wa kamba zamani, uso ukamvimba siku mbili. Tangu hapo mchuzi wa kamba alikuwa anauonja Shefu.

Nikaandika onya. Nikajisemea, nitamwambia na kwa mdomo.

Halafu wageni wakaingia.

Saa sita na nusu jiko lilikuwa vita. Wahudumu wananiita huku, Shefu ananiita kule, konokono wanapoa, mgeni wa meza ya nne anataka kujua kama mayai meusi yameoza. Nimeinamia sinia, mikono miwili haitoshi, na kila anayenipita mgongoni ana swali. Majibu yalikuwa yananitoka yenyewe. Weka. Toa. Onja. Ngoja. Ndiyo. Sogea.

Ndipo nikasikia kijiko kimeanguka chini.

Kijiko cha kawaida kikianguka jikoni nani atageuka? Lakini kile nilikijua mlio wake, na miaka yote ile sikuwahi kukisikia sakafuni.

Nikageuka.

Mama Chumvi ameshika koo. Midomo imevimba, macho yamekuwa mekundu, pumzi inatoka kwa mluzi kama birika. Mkono wa pili umeshika nusu ya biskuti.

"Shefu! Shefuuu!" nikapiga kelele.

Wakambeba. Dereva wa hoteli akawasha gari, Shefu akapanda nyuma naye akiwa amemshikilia kichwa. Mimi nikataka kwenda, Shefu akafoka, "Wewe baki na chakula!"

Nikabaki na lile sinia la biskuti. Nikaisoma tepu.

Onja.

Nikaisoma tena. Onja. Mara ya tatu nikaifuata kwa kidole: onja.

Nimemuua. Nimemuua mama yangu kwa herufi moja.

Sasa nitawaambia kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka naona aibu peke yangu chumbani. Niliibandua ile tepu nikaitia mfukoni. Nikachukua nyingine, nikaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: ONYA. Nikaibandika pale pale.

Shefu alirudi alasiri, shati limelowa jasho.

"Yuko hai. Wamemchoma sindano, wanamwangalia."

Nikalia kwa furaha, kweli tena. Lakini Shefu akaliendea sinia. Akasoma. Akatutazama wote.

"Imeandikwa wazi namna hii, halafu akaonja?"

Akaigonga ile tepu kwa kidole.

"Leo amejidhuru mwenyewe. Kesho atampitishia mgeni, na mgeni atanifia mezani. Mtu asiyejali tepu simtaki. Akitoka hospitali asirudi jikoni kwangu."

Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu. Miezi minne tu aagwe kwa heshima baada ya miaka ishirini na mbili, na sasa anafukuzwa kama mwizi.

Na mimi nikanyamaza. Nikajiambia nitasema kesho. Mwoga ana kesho nyingi.

Usiku ule usingizi sikuuona. Kesho yake mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa wa kwanza mlangoni na tepu yangu mfukoni.

Nilimkuta amekaa kitandani, uso bado umejaa, anausonya uji wa hospitali.

"Huu uji hata chumvi haujaonyeshwa kwa mbali," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

Nikapiga magoti pale pale. Nikamweleza yote, jinsi hati yangu ilivyo mbaya, jinsi y ilivyogeuka j, nilivyobandua tepu, Shefu alivyosema, nilivyonyamaza. Nikamwekea ile tepu mkononi.

"Ni mimi, mama. Umesoma onja kwa sababu yangu."

Akaigeuza ile tepu. Akaigeuza tena. Ndipo nikaona ameishika juu chini.

"Mwanangu," akasema polepole, "hata ungeiandika kubwa kama mlango, mimi nisingeisoma."

Sikuelewa.

"Sijui kusoma. Sijawahi kujua."

Ile miwani. Ile "nisomee". Miaka sita mtu ananiambia shida yake kila siku, nami nasema ananisumbua.

"Sasa kwa nini ulionja?" nikauliza, na kabla sijamaliza nikaanza kuliona jibu linakuja.

"Nilikuuliza."

"Mama..."

"Nilisimama nyuma yako nikagonga sinia. Nikasema mwanangu, hiki tunafanyaje? Hukugeuka. Ukasema onja."

Weka. Toa. Onja. Ngoja.

Nililia hadi muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa amefariki.

Mama Chumvi aliniacha nilie. Hakunibembeleza safari hii, na haki yake. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Kufukuzwa nitavumilia. Ila lile la kusoma usimwambie mtu. Nimelibeba miaka yote hii. Usinivue nguo uzeeni."

Nikaapa, na ndiyo maana humu hamtasikia jina lake la kweli wala la hoteli.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka ofisini kwa Shefu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: namwonyesha tepu ya kwanza, nasema hati yangu ndiyo iliyomponza, mama anarudi kazini, mimi liwalo na liwe.

Nikaiweka mezani. "Shefu, ile uliyoiona jana niliibadilisha. Ya kweli ni hii. Niliandika vibaya, inasomeka onja."

Shefu akaichukua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona hii ni onya?"

"Angalia vizuri, Shefu."

"Wewe ndiye uangalie. Hii hapa y, ina matawi mawili kabisa. Hati ni mbovu, lakini ni onya."

Nikaangalia. Loo! Ilikuwa onya. Jana hofu ndiyo iliyonisomea. Nimeficha tepu isiyo na kosa lolote, nikawa mwongo bure, na sasa hata huo uongo haumsaidii mama.

"Kwa hiyo aliona onya akaonja," Shefu akasema. "Ninarudi pale pale."

"Hakuangalia tepu. Aliniuliza mimi. Nikamjibu onja bila kugeuka."

Shefu akakunja uso. "Akuulize nini, wakati imeandikwa?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Ukweli wote ungemwokolea kazi, lakini ungemvua nguo.

"Kwa sababu aliniamini kuliko tepu," nikasema. "Na kosa lake ni hilo tu."

Sijui Shefu alielewa nini. Aliikunja ile tepu vidoleni mpaka ikawa kidonge. Mwisho akasema Mama Chumvi atarudi. Mimi nimeondolewa vyakula baridi. Kalamu nimejinyang'anya mwenyewe kwa kubadilisha tepu, kwa hiyo niende kwenye sinki la sufuria.

"Sawa, Shefu. Lakini naomba kitu kimoja. Vitu vya hatari viwekwe tepu nyekundu. Mtu akiwa na haraka rangi anaiona."

Akanitazama usoni. "Nyekundu," akasema. "Sawa."

Basi Mama Chumvi alirudi. Uso umepungua, kijiko kimo mfukoni. Anapita friji kubwa, akiona nyeupe anaonja, akiona nyekundu anapita. Hamuulizi mtu. Hana haja tena.

Na mimi niliyekuwa nakereka na yale maswali, nikawa nayangoja. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Alikuwa analeta kijiko chake sinki, nakiosha, nampa, anasema asante kama anayemwambia mpita njia. Mchana mzima nasugua masufuria huku sikio liko mgongoni. Mnajua jinsi kimya cha mtu mmoja kinavyoweza kujaza jiko zima lenye kelele? Mimi najua.

Wiki ya tano, siku ya Jumanne, saa sita na nusu, jiko linawaka. Nimezama kwenye povu hadi viwiko.

Ko, ko.

"Mwanangu, hiki tunafanyaje?"

Niliacha sufuria. Nikatoa mikono majini, nikaifuta kwenye aproni, nikageuka mwili mzima. Alikuwa ameshika bakuli, na kwenye kifuniko kuna tepu nyekundu pana kama kiganja.

"Hicho usionje, mama."

"Najua," akasema. "Nilitaka kuona kama utageuka."

Akaondoka na bakuli lake.

Jamani, mtu akikuuliza jambo ambalo unadhani analijua, usimjibu kwa mgongo. Huenda hilo ndilo swali pekee analoweza kuliuliza. Acha sufuria, geuka, umtazame usoni, ndipo ujibu.